Ndege wa Pwani na Mimea ya Kigeni



Kila mwaka, tangu mwezi wa Septemba, sululu na vitwitwi huwasili Pemba kwa makundi. Wengi wao huzaliwa Siberia na nchi nyingine za kaskazini, nao hukaa kwetu hadi karibu na Aprili. Maji yakitoka, hutafuta minyoo na kaa wadogo katika matope. Matope hayo hayo ndiyo yanayowapa kina mama kombe na chaza.

Safari zao hujulikanaje? Zamani wataalamu waliwavisha pete zenye namba miguuni, kisha wakangoja waonekane kwingine. Siku hizi baadhi yao hufungwa chombo cha gramu chache, kitumiacho nguvu za jua na kupeleka habari kwa setilaiti. Oktoba 2022, ndege mmoja wa ukoo wa sululu aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560 kwa siku 11, bila kutua. Safari ya namna hiyo yahitaji mafuta mwilini, na mafuta hayo hupatikana matopeni.

Hasara yaweza kuletwa na jambo lililokusudiwa kuwa jema. Mwaka 1979 China ilileta kutoka Marekani nyasi ziitwazo Spartina ili zizuie mmomonyoko wa pwani. Zilienea, zikafunika matope, na ndege wakakosa malisho. Sasa serikali yake inagharimika kuzing'oa. Hapa kwetu, katika msitu wa Ngezi, makao ya ninga wa Pemba asiyepatikana kwingine duniani, msizi kutoka nchi za Ziwa Viktoria nao umeenea miongoni mwa miti ya asili.

Ni vigumu kwa chama kukataa miche ya bure. Hata hivyo, yafaa kuzingatia haya:

1. Mche wa kigeni usipandwe ufukweni kabla ya kumwuliza Afisa Misitu.

2. Mikoko ipandwe palipokatwa mikoko. Uwanda wa matope ambao tangu zamani hauna mikoko uachwe wazi.

3. Ndege mwenye pete akionekana, Katibu aandike namba, mahali na tarehe, kisha apeleke habari kwa Afisa huyo.

Kupanda mti ni kazi ya siku moja. Kuung'oa uliokwisha kuenea ni kazi ya vizazi. Basi suala hili lijadiliwe katika mkutano wa wanachama kabla miche haijapokewa.