Pikipiki ndefu, mguu mfupi: irekebishe kabla hujaipakia mzigo

Leo mbolea na viuatilifu tunaviweka pembeni kidogo. Mavuno yanatoka, mizigo inakwenda sokoni kwa pikipiki, na kila wiki naona mtu kasimama njia panda, anagusa ardhi kwa ncha za vidole tu, na nyuma ana tenga la nyanya linalomzidi kichwa. Pikipiki ni mtaji kama ng'ombe wa maziwa. Ikikulalia mguuni katikati ya msimu, mzigo hauendi na wewe huendi.

Mimi mwenyewe nina urefu wa sentimita 156, na pikipiki yangu ya kazi ni zile ndefu za kupita makorongo. Kwa hiyo hili siandiki kwa kusoma tu.

Wengi wanadhani tatizo ni uzito wa pikipiki. Siyo hivyo hasa. Chukua Honda Gold Wing, ile kubwa ya safari ndefu: ina zaidi ya kilo 360, lakini kiti chake kiko sentimita 74.5 tu kutoka chini. BMW R 1250 GS, ambayo utawaona nayo watalii wanaozunguka Afrika kwa pikipiki, ina kilo 249, ila kiti kiko sentimita 85 hadi 87. Mtu mfupi akisimama kwenye kokoto anaweza kuhangaika zaidi na hii nyepesi, maana mguu haufiki na uzito uko juu.

Kwetu sisi uzito wa juu tunaupandisha wenyewe. Fanya hesabu hii: pikipiki ya kilo 120, uzito wake tuseme umekaa kwenye kimo cha sentimita 55. Ukiweka juu ya keria mzigo wa kilo 60, katikati yake ikiwa sentimita 110 kutoka ardhini, basi pikipiki ikianza kuinama huo mzigo unavuta kwenda chini sawasawa na pikipiki yenyewe. Nusu ya uzito, nguvu ileile. Mzigo huohuo ukiugawa pembeni kulia na kushoto kwenye kimo cha sentimita 60, mvuto wake unapungua karibu nusu. Na mguu mfupi maana yake pikipiki lazima iiname zaidi ndipo ufike chini. Hapo ndipo watu wanapoanguka wakiwa wamesimama, siyo wakiwa mwendoni.

Sasa turekebishe. Vaa viatu unavyoendeshea, kaa kwenye kiti, mwenzako ashike pikipiki iwe wima. Angalia miguu. Wakufundishaji wengine wanataka nyayo zote mbili zilale chini. Mimi naona hiyo si lazima. Nyayo za mbele za miguu yote miwili zikigusa, au mguu mmoja ukilala mzima ukisogeza kalio kidogo pembeni, inatosha kwa kazi. Ukigusa kwa vidole vya mguu mmoja tu, usiipakie kwanza.

Anza na kiti, maana ndiko kwenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Watu wanapima urefu wa kiti wanasahau upana. Kiti kipana sehemu ya mbele kinatanua mapaja, na paja likitanuka mguu unafupika. Mpelekee fundi anayeshona viti vya pikipiki, mwambie akate sponji pembeni mwa mbele, kiti kiwe chembamba pale kinapokutana na tangi, halafu apunguze juu sentimita 2 hadi 3. Asizidi hapo, utakuja kukalia bati na mgongo utakudai. Muhimu: ukae juu yake kabla hajashona ngozi. Akishashona, kukata tena ni gharama mpya.

Viatu navyo ni sehemu ya pikipiki. Soli nene imara inakuongezea kama sentimita 2. Gambuti lililokuzidi namba halifai, linanasa kwenye gia, na soli yake ikiwa laini unateleza kwenye tope. Kwa dada zangu, suruali. Kitenge kipeleke kwenye begi, utakifunga ukifika.

Kuna dada mmoja mfugaji wa kuku wa mayai katika kata ninayohudumia. Alirithi pikipiki ya kaka yake, kijana mrefu. Siku ya gulio alisimama mlangoni kupisha gari, mguu ukakosa ardhi, trei 14 zikaishia barabarani. Hesabu mwenyewe, trei moja ni mayai 30. Fundi wa pale akamwambia, "Dada, hii ni ya wanaume, iuze." Alipokuja kuniuliza bei ya kuuzia nikamwambia tuipime kwanza. Tulipunguza kiti, tukageuza hendeli, tukashusha trei kutoka juu ya keria na kuziweka kwenye makasha mawili ya mbao yanayoning'inia pembeni, marefu hadi usawa wa kiti tu. Shokapu hatukuzigusa kabisa. Anapeleka mayai mpaka leo, na fundi yule ndiye anayemwekea oili.

Ndiyo, shokapu. Hapa naomba usikilize vizuri kwa sababu gereji nyingi ndiko wanakokimbilia. Wanakufungia shokapu fupi za nyuma, au wanalegeza springi hadi mwisho, na unashuka kweli. Lakini ukishusha nyuma peke yake, mbele kunakuwa kwepesi na hendeli inacheza ukiwa na mzigo. Ukishusha mbele peke yake, usukani unakuwa mkali, unakata ghafla. Tairi linaweza kugonga madigadi kwenye shimo, na injini inakuwa karibu na mawe. Kama ni lazima ushushe, shusha mbele na nyuma kwa kiasi kinacholingana, kidogo, kisha kagua ulegevu wa cheni upya ukiwa umekaa juu.

Springi ya nyuma ina kile kipete chenye ngazi cha kuzungusha kwa spana. Ukiwa peke yako weka ngazi ya chini, utapata ahueni kidogo ya urefu. Ukipakia, ipandishe. Najua mzigo wenyewe unaishusha pikipiki na mguu unafika vizuri, inashawishi kuacha hivyo. Usiache, nyuma ikikaa chini sana mbele hakushiki barabara.

Halafu kuna stendi ya pembeni, ambayo karibu kila mtu anaisahau. Pikipiki ikishushwa, stendi inabaki na urefu wake wa zamani, kwa hiyo pikipiki inasimama karibu wima na upepo tu unaiangusha upande wa pili. Fundi wa kuchomelea aikate kidogo na kuiunga. Wakati huohuo mwambie aongeze kibati kipana chini yake isizame kwenye udongo wa shamba.

Mikono nayo ina vipimo vyake. Legeza nati za hendeli uivute ije kwako kidogo, usiendeshe ukiwa umejinyoosha kama unachuma embe. Geuza na mikono ya klachi na breki ielekee vidole vyako. Ukimaliza, washa injini ikiwa kwenye nyutro, kata usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho. Mngurumo ukipanda wakati unakata kona, waya wa mafuta umevutika; usitoke hapo kabla hujauweka sawa.

Kwenye mzigo wa maji tuwe makini zaidi. Lita 40 za maziwa ni zaidi ya kilo 40 bila kuhesabu keni, na keni iliyojaa nusu ni mbaya kuliko iliyojaa, maana maziwa yanakimbilia upande unaoinama. Gawanya kwenye vyombo vidogo vilivyojaa, kulia na kushoto sawa. Bomba la dawa la lita 16 lijazwe shambani. Kulibeba mgongoni likiwa limejaa wakati mguu haufiki chini ni kujitafutia.

Kusimama sasa. Sisi tunaendesha kushoto, na barabara nyingi zimeinuliwa katikati ili maji yashuke pembeni. Ukisogea ukingoni kusimama, ardhi ya kushoto iko chini zaidi, na mguu wa kushoto ndio tunaoushusha kwa sababu wa kulia uko kwenye breki. Yaani mfupi anazidi kufupishwa na barabara. Kwa hiyo chagua mahali mapema: simamisha matairi kwenye alama iliyochimbwa na magari, ili mguu ukanyage pale palipoinuka. Usukani uwe umenyooka kabla hujasimama kabisa. Ukikata kona huku unabana breki ya mbele kwa mwendo wa konokono, pikipiki inalala, hata kwa mrefu.

Ikikushinda ikaanza kulala, achia na utoe mguu. Kiti kinashoneka, mguu unachukua miezi. Zima, funga mafuta, shusha mzigo wote kwanza. Kama imelalia upande wa kulia, toa stendi kabla hujainua, na iweke kwenye gia isitembee. Kisha ipe mgongo, makalio yaegemee ukingo wa kiti, mkono mmoja ushike hendeli iliyokatwa kuelekea chini, mwingine ushike keria, mgongo umenyooka, na usukume kwa miguu ukirudi nyuma hatua fupifupi. Jaribu hivyo nyumbani kwenye nyasi, bila mzigo, mwenzako akiwa karibu, kabla ya siku ya gulio.