Vinara wa mizizini: rekodi saba za vinasaba vya kuvu

Ng'oa mhindi shambani, osha mizizi yake, itie rangi ya maabara kisha uiweke chini ya darubini. Utaona nyuzi nyembamba zimepenya hadi ndani ya seli na kuchanua vitawi. Huo si ugonjwa. Ni kuvu inayouletea mmea fosforasi na kulipwa chakula. Zifuatazo ni rekodi za kuvu waishio mizizini, wema kwa wabaya, kama vinasaba na visukuku vinavyozieleza.

Ushirika mkongwe. Karibu na kijiji cha Rhynie, Scotland, mawe yenye umri wa miaka milioni 407 yamehifadhi mmea wenye vitawi hivyohivyo ndani ya seli zake. Mmea wenyewe, Aglaophyton, haukuwa na mizizi. Kuvu ilikaa kwenye shina. Kwa hiyo ushirika huu ulikuwepo kabla mimea mingi haijapata mizizi.

Jenomu kubwa. Kuvu Gigaspora margarita, iliyosomwa mwaka 2020, ina jenomu, yaani seti nzima ya vinasaba, yenye takriban jozi za besi (herufi za DNA) milioni 773, ikampita ndugu yake Gigaspora rosea mwenye milioni 568. Hamira ya maandazi, ambayo nayo ni kuvu, ina milioni 12 tu. Lakini ukubwa huo usikuhadae: sehemu kubwa ni vipande vinavyojirudiarudia, si jeni za kazi.

Jenomu ndogo. Kati ya washirika wa mizizi waliotajwa hapa, Serendipita indica ndiyo yenye jenomu ndogo kuliko wote, jozi milioni 25 hivi. Iligunduliwa katika jangwa la Thar, India, na tofauti na wenzake hukua vizuri maabara hata bila mmea.

Viini vingi. Koroga udongo kwenye maji, uchuje kwa chujio laini, na spora za Gigaspora utaziona kwa macho kama punje za rangi ya maziwa. Spora moja hubeba viini kwa mamia, hata maelfu. Kwa miaka mingi kundi hili lilidhaniwa halijamiiani kabisa. Mwaka 2016 watafiti walikuta baadhi ya koo za Rhizophagus, kuvu wa kundi hilohilo, zina viini vya aina mbili, dalili kwamba huenda kujamiiana kupo.

Pengo la kushangaza. Baada ya jenomu ya Rhizophagus irregularis kuchapishwa mwaka 2013, ilibainika kwamba kuvu hiyo haina jeni za kimeng'enya kikuu cha kutengeneza asidi za mafuta. Inaishije? Mwaka 2017 jibu likapatikana: mmea ndio unaoilisha mafuta. Ndiyo maana kuotesha kuvu hii peke yake kumewasumbua watafiti muda mrefu.

Vinasaba vigumu kubadilika. Huyu si rafiki: Armillaria gallica hushambulia mizizi ya miti. Mmoja aliyeko Michigan, Marekani, ameenea kwenye hekta 75 na ana umri usiopungua miaka 2,500. Sampuli 15 zilizosomwa mwaka 2018 zilionyesha mabadiliko 163 tu ya herufi moja moja, katika jenomu ya jozi milioni 100 hivi.

Wito ulioibwa. Mizizi yenye njaa ya fosforasi hutoa kemikali iitwayo strigolaktoni. Tangu mwaka 1966 ilijulikana kwamba ndiyo inayoamsha mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mahindi na mtama katika Kanda ya Ziwa ya Tanzania na magharibi mwa Kenya. Swali likabaki: kwa nini mmea umwite adui yake? Mwaka 2005 ikathibitika kwamba wito ulielekezwa kwa kuvu. Kiduha ni mdukuzi tu.

Na wapo waliouvunja ushirika. Kabichi na sukuma wiki zinatoka katika ukoo uliopoteza jeni za kuipokea kuvu, hivyo shamba linalopandwa hizo tu, msimu baada ya msimu, huiacha kuvu bila mwenyeji. Mkulima, ukishavuna sukuma wiki, panda maharage, kunde au mahindi. Usiiache ardhi tupu, na usimwage mbolea ya fosfati kupita kiasi, maana mmea ulioshiba hauiti tena.