Mwanafunzi wa Udaktari Akikujia na Hojaji Hospitalini

Wakazi wanaofika katika hospitali za kaunti mara nyingine huombwa na kijana aliyevaa koti jeupe wajibu maswali kuhusu kisukari, shinikizo la damu au kliniki ya wajawazito. Wengi hudhani hiyo ni sehemu ya matibabu. Sivyo. Huenda ni mwanafunzi anayefanya utafiti, na mgonjwa ana hiari ya kukubali au kukataa.

Mwanafunzi naye ana haja yake. Nchini, shahada ya kwanza ya udaktari huchukua miaka sita, ikifuatwa na mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini. Anayetaka baadaye kuwa daktari bingwa wa upasuaji au wa watoto husomea shahada ya uzamili na kuandika tasnifu, hivyo aliyewahi kukusanya na kuchanganua data haanzi gizani. Kwa wanaotazamia kusomea ubingwa Marekani, msukumo umezidi tangu Januari 2022, mtihani wa kwanza wa leseni ya huko (USMLE Step 1) ulipoacha kutoa alama na kubaki na kufaulu au kufeli tu. Hospitali zinazochagua waombaji sasa hutazama zaidi mambo mengine, utafiti ukiwa mmojawapo.

Haraka hiyo ina hatari zake. Yapo majarida yanayotoza ada na kuchapisha karibu chochote bila kuhakikiwa na wataalamu, na makala ya aina hiyo hayamjengi mwanafunzi wala kumsaidia mgonjwa. Heri utafiti mdogo uliofanywa vyema. Kupitia faili za kliniki ili kujua ni wajawazito wangapi walipimwa shinikizo la damu kila walipohudhuria kunaweza kuonyesha hospitali pengo linalozibika bila kununua mashine mpya.

Kabla ya kumhoji mtu yeyote, mwanafunzi huhitaji idhini ya kamati ya maadili ya utafiti, leseni ya NACOSTI chini ya sheria ya sayansi na teknolojia ya mwaka 2013, na ruhusa ya hospitali husika. Shughuli hii huchukua muda. Anayeanza kutafuta vibali likizo ikikaribia huenda ikaisha akiwa bado anasubiri.

Mkazi naye aombe kuelezwa kwa lugha anayoielewa: utafiti unahusu nini, nani ataona majibu, na yatahifadhiwa wapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huhesabu habari za afya kuwa data nyeti. Asiyejua kusoma asomewe fomu mbele ya shahidi kabla ya kuweka alama ya kidole gumba. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye huridhia. Aliyekubali anaweza kujiondoa wakati wowote, na aliyekataa hapaswi kunyimwa dawa wala kurudishwa nyuma kwenye foleni.

Kabla ya kutia sahihi, omba nakala ya fomu na uhakikishe ina nambari ya simu ya kamati ya maadili. Malalamiko hupelekwa huko, au kwa msimamizi wa hospitali.