Kina Kidogo, Mzigo Mkubwa

Wafanyakazi wa matangi ya mafuta Changamwe, Mombasa, huita kazi ya kupima kina cha mafuta dipu. Mtu hupanda ngazi hadi juu ya tangi, hufungua kifuniko kidogo, huteremsha utepe wa chuma wenye timazi la shaba mpaka liguse sakafu, kisha huuvuta juu na kusoma mafuta yalipofikia. Timazi ni la shaba kwa sababu shaba haitoi cheche kirahisi inapogonga chuma. Tangi likiwa limejazwa punde tu, mpimaji husubiri kwanza umeme tuli upungue, maana mafuta yanayopita kasi ndani ya bomba hukusanya chaji.

Usomaji wenyewe ni wa milimita. Katika tangi la duara lenye kipenyo cha mita 40, milimita 1 ya kina ni takriban lita 1,257. Jicho likikosea milimita 3 tu, hesabu imepotoka kwa zaidi ya lita 3,700. Na kina peke yake hakitoshi. Lita milioni 10 za dizeli zikipanda joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi huvimba kwa zaidi ya lita 8,000, bila mtu kuongeza hata tone. Ndiyo maana joto hupimwa sambamba na kina. Pia timazi hupakwa dawa inayobadilika rangi ikikutana na maji, kwa kuwa maji ni mazito kuliko mafuta na hujificha chini kabisa.

Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka 1963 na kikaacha kusafisha mwaka 2013. Matangi yalibaki, na dipu nayo. Vituo vya petroli mjini hufanya vivyo hivyo kwa fimbo yenye alama, inayotumbukizwa katika tangi lililofukiwa ardhini.

Kwenye kivuko cha feri cha Likoni, kinachozama si timazi bali ni chombo chenyewe. Feri hushuka majini mpaka uzito wa maji iliyoyasukuma ulingane na uzito wake pamoja na mzigo. Kanuni hii ni ya Archimedes. Tuseme feri ina eneo la mita za mraba 800 pale inapokutana na maji. Wakipanda abiria 1,000 wenye wastani wa kilo 60, ni tani 60, na chombo kitashuka sentimita 7 hivi. Umati wote huo, na kwa anayetazama kutoka gatini feri haionekani kama imetikisika!

Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu kina hueleza uzito wote ni kiasi gani, lakini hakielezi umekaa wapi. Uzito ukielemea upande mmoja, feri huinama. Ikiwa imejaa kupita kiasi, ukingo wa sitaha huwa umekaribia maji tayari. Mombasa inalijua hilo kwa uchungu. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya kivuko cha Mtongwe iliyokuwa imejaza watu kupita uwezo wake ilipinduka, na watu 272 wakafariki. Kikomo cha abiria kinachobandikwa chomboni kinastahili kuheshimiwa hata siku ambayo foleni ni ndefu na watu wamechelewa kazini.

Meli kubwa zinazoingia bandari ya Kilindini hubeba kikomo chake ubavuni, mstari wa Plimsoll, uliopewa jina la mbunge Samuel Plimsoll aliyepigania sheria ya Uingereza ya mwaka 1876. Kuna alama kadhaa, kwa kuwa maji ya mtoni yasiyo na chumvi ni mepesi kuliko ya bahari na huizamisha meli zaidi.

Jioni, mtaani Kisauni, kuzamisha kunakuwa mapishi. Kiazi kilichochemshwa huingizwa katika rojo la unga wa ngano, binzari na chumvi, kisha hutolewa na kutiwa kwenye karai. Utando unaobaki juu yake una hesabu yake. Mwaka 1942 wanafizikia Lev Landau na Benjamin Levich walionyesha kwamba kitu bapa kikivutwa kutoka kwenye kimiminika, utando huongezeka kadiri kimiminika kilivyo kizito na mvuto ulivyo wa kasi: kasi ikizidi mara 8, unene huzidi mara 4. Rojo la viazi ni gumu kuliko vimiminika vya hesabu hiyo, ila mpishi mzoefu anajua mwelekeo wake mkononi. Akichomoa kwa pupa, ganda huwa zito na bichi ndani. Kiazi kikiwa na majimaji, rojo huteleza.

Ndani ya mafuta ya moto, maji ya rojo huchemka na kutoka kama mvuke, yale mapovu yanayovuma, na wanga hukauka na kuwa ganda. Ganda kavu hunywa maji upesi, kwa hiyo ukwaju humwagwa juu yake wakati mlaji ameshakaa.