Waya za meno: mzazi, uliza kwanza

Naona vijana wengi mitaani kwetu wamefungwa waya za meno. Si vibaya, ila mzazi ajue anacholipia. Jino halisukumwi tu: mfupa wa taya huliwa upande mmoja na kujengeka upande wa pili, ndipo jino lihame.

Mzizi wa jino huweza kufupika, hasa nguvu ikizidi, na ukishafupika haurefuki tena. Jino likisukumwa nje ya mfupa wake, ufizi hurudi nyuma. Mtoto mvivu wa mswaki, mpenzi wa halua na kaimati, huweza kubaki na madoa meupe.

Kuhusu pumzi, kifaa cha kupanua kaakaa la mtoto huweza kupanua na njia ya pua, lakini si dawa ya kila anayekoroma. Kile cha kulalia, kinachovuta taya la chini mbele, kikivaliwa miaka mingi hubadilisha meno yanavyokutana.

Waya zikitolewa, meno hutaka kurudi yalikotoka, hivyo kuna kifaa cha kuyashika usiku, tena kwa miaka. Kabla hujakubali, muulize daktari: eksirei ya mizizi inaonyesha nini, ufizi una afya, na hicho kifaa cha baadaye ni shilingi ngapi? Vyaelea, vimeundwa.