Folda za AutoCAD na Hekta 10 za Mchimbaji

Programu ya uchoraji ya AutoCAD, iliyotolewa na kampuni ya Autodesk ya Marekani mwaka 1982, husakinishwa katika kompyuta ikiwa tayari imejichagulia folda za kuwekea vifaa vyake vya kazi. Folda hizo huitwa za chaguo-msingi, yaani zile ambazo programu huziendea yenyewe iwapo mtumiaji hakuielekeza kwingine. Ndani yake mna violezo, ambavyo ni michoro tupu ya kuanzia yenye leya, vizio na kisanduku cha maelezo ya ofisi (faili za .dwt), mna majedwali yanayoamua unene wa kila mstari karatasini (.ctb), mipangilio ya plota (.pc3), pamoja na fonti za programu yenyewe (.shx).

Tatizo huanzia mahali folda hizo zilipo. Nyingi zimo ndani ya AppData, folda ambayo Windows huificha isionekane kwa macho ya kawaida, nayo AppData haimilikiwi na kompyuta bali na mtumiaji aliyeingia kwa jina lake. Kwa hiyo ofisi ya upimaji ya Geita au Kahama yenye kompyuta sita, kila moja ikitumiwa na watu wawili kwa zamu, haina seti moja ya violezo wala seti sita, bali kumi na mbili, na kila anayerekebisha kiolezo hurekebisha cha kwake peke yake pasipo wenzake kujua.

Katika ukanda huu wa dhahabu hitilafu hiyo ina uzito ambao msanifu wa nyumba hawezi kuuhisi. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega maeneo ya mikoa jirani, Bukombe ikitoka Shinyanga, Chato ikitoka Kagera na Geita yenyewe ikitoka Mwanza, hivyo kiolezo cha kabla ya hapo kilichosahauliwa katika kompyuta moja kitaendelea kuiandika Bukombe chini ya Shinyanga. Hilo ni kosa la aibu tu. Kosa la hatari ni la mfumo wa marejeo, yaani umbo la dunia na kitovu ambacho namba za mahali hupimwa kutoka kwacho. Ramani za Tanzania kwa miaka mingi zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali GPS ya mkononi hutoa namba za WGS84 isipobadilishwa, na ingawa Geita na Shinyanga zote zimo katika kanda ya 36 kusini ya UTM, namba zilezile zikisomwa kwa mfumo usio wake husogeza mahali kwa takribani mita 300, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini. Leseni ndogo ya uchimbaji haizidi hekta 10, na eneo la hekta 10 lililo mraba lina upande wa mita 316 hivi. Mchoro ulioandikwa mfumo usio wake, kwa sababu tu kiolezo cha kompyuta ile kilikuwa cha zamani, waweza kumweka mchimbaji karibu kabisa juu ya duara, yaani shimo la uchimbaji, la jirani yake. Katika Civil 3D, ndugu ya AutoCAD inayotumika kwa barabara na mabwawa ya mabaki ya mgodi, kiolezo huweza kubeba mfumo wenyewe na si maandishi yake tu, na hapo kosa hujificha zaidi.

Kuhamisha folda si kukata na kubandika. Kazi huanza kwa kuandaa folda moja, tuseme Viwango, na ndani yake vijifolda vya violezo, kalamu, plota na fonti, kisha AutoCAD huelekezwa huko kupitia amri ya OPTIONS, katika ukurasa wa kwanza unaoorodhesha njia za faili. Njia mpya ya fonti huongezwa juu ya zile za awali pasipo kuzifuta, kwa kuwa programu hupekua orodha kuanzia juu kwenda chini na bado inazihitaji faili zake yenyewe. Matoleo ya kuanzia 2014 hutaka pia folda yenye programu ndogondogo za ofisi itajwe miongoni mwa zinazoaminiwa, la sivyo kila asubuhi mchoraji atapokewa na onyo. Mipangilio hii yote huhifadhiwa kama wasifu, nao wasifu waweza kutolewa kuwa faili ya .arg na kuingizwa katika kompyuta nyingine yenye toleo lilelile. Faili hiyo ni maandishi ya kawaida, na inafaa ifunguliwe kwa Notepad kabla ya kusambazwa, maana mara nyingi hubeba njia zenye jina la aliyeitengeneza, na njia ya C:\Users\ yenye jina la mtu mmoja haielekezi popote katika kompyuta ya mwingine.

Swali gumu ni mahali pa kuiweka Viwango. Wengi hukimbilia kuiweka katika kompyuta kuu na kuwaelekeza wote huko kwa mtandao wa ofisi. Anayechagua hivyo aandike jina kamili, kama \\OFISI-KUU\Viwango, badala ya herufi kama Z:, kwa kuwa herufi ya mtandao hutofautiana baina ya watumiaji; wachoraji wapewe ruhusa ya kusoma tu; tena akumbuke kwamba Windows 10 au 11 ya kawaida, ikigeuzwa seva, hupokea miunganisho isiyozidi 20 kwa wakati mmoja. Hata hivyo mpango huo unafaa wakaao mezani. Laptopu inayokwenda Mbogwe au Nyang'hwale kupima haina mtandao wa ofisi, na AutoCAD isiyoipata njia yake hukawia kufunguka, kisha hubadilisha fonti au huonyesha alama za kuuliza mahali pa maandishi. Kwa ofisi za namna hii lililo bora ni kuwa na C:\Viwango katika kila kompyuta, kwa jina lilelile, na kuinakili kutoka kompyuta kuu kwa amri iliyomo ndani ya Windows yenyewe:

robocopy \\OFISI-KUU\Viwango C:\Viwango /MIR

Herufi za mwisho zina makali: hufanya nakala ifanane kabisa na asili, hivyo chochote mchoraji alichojiwekea humo ambacho hakimo katika kompyuta kuu kitafutwa. Plota nayo ipewe jina moja katika Windows ya kila kompyuta, kwa sababu faili ya .pc3 huitafuta kwa jina hilo.

Zipo folda zisizopaswa kuhama. Faili za muda, na zile za kujihifadhi ambazo AutoCAD huziandika kila baada ya dakika 10 zisipobadilishwa na kuzipa kiishio .sv$, zibaki katika diski ya kompyuta yenyewe. Umeme ukikatika, ruta huzimika papo hapo hata kama laptopu ingali na chaji, na faili ya akiba iliyokuwa ikiandikwa kupitia ruta hiyo huweza kuharibika wakati uleule inapohitajika. Ikiwa katika diski ya ndani, mchoraji huibadilisha kiishio kuwa .dwg na kuendelea alipoishia.