Kutu ya Gari Isile Minervali ya Watoto

Mwaka jana mimi na baba watoto tulinunua gari iliyotumika Ulaya, ifanye teksi hapa Bukavu. Rangi iling'aa. Mvua ilipoanza, maji yakaingia miguuni mwa dereva. Fundi wa kuchomelea akainua kapeti: chini palibaki kutu na mastiki tu. Akataka dola 400. Hizo zilikuwa minervali ya watoto watatu.

Kwa nini inaoza hivyo? Huko Ulaya, wakati wa theluji, barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hushika chini ya gari na kula chuma kidogo kidogo. Juu uzuri, chini ugonjwa.

Tulimwomba fundi agawanye kazi. Sakafu na chasi kwanza, maana ndizo zinazobeba watu, milango ingoje. Bati tulinunua wenyewe, na bei tulipatana kabla hajawasha mashine: dola 180. Milango bado ina kutu, lakini watoto wako darasani.

Basi mama, kabla ya kulipa, mpeleke fundi wako aangalie chini ya gari. Agonge kwa bisibisi: bati zima hulia, lililooza hutoboka. Sumaku nayo haishiki vizuri penye mastiki nyingi.

Na fundi akitaka kupaka rangi juu tu, kataa. Kutu iliyofunikwa huendelea kula. Akate palipooza, achomelee bati jipya, kisha apake rangi ya kuzuia kutu.

Tukijua gharama mapema, mtoto hatafukuzwa shuleni kwa sababu ya gari.